Ubeti Ulioliwa na Redio

Kanda haikuwa na jina. Ilikuwa TDK ya dakika tisini, imechubuka pembeni, na kwenye karatasi yake mtu alikuwa ameandika kitu kwa kalamu ya bluu ambacho jasho na unyevu vilikwisha kukifuta. Mjomba aliipata kazini. Alikuwa mlinzi wa usiku katika nyumba ya wageni mjini Moshi, mojawapo ya zile wanazolala Wazungu siku moja kabla ya kupanda Mlima. Mmoja wao aliondoka alfajiri akasahau begi dogo. Meneja alingoja miezi mitatu, hakuna aliyerudi, begi likagawanywa: meneja koti la baridi, mpishi tochi, mlinzi kanda nne ambazo wengine hawakuzitaka.

Tatu mjomba alirekodi juu yake nyimbo za redioni. Ya nne aliiacha ilivyo, na ukimuuliza kwa nini mtu mzima anasikiliza kelele za Wazungu asizozielewa, alikujibu neno moja: saksofoni. Mjomba alikuwa mtu wa dansi. Alikuwa na maoni makali kuhusu nani anapuliza na nani anatoa upepo tu, na Mwenge Jazz, bendi ya jeshi, aliitaja kwa heshima ambayo mama yangu alimwekea askofu peke yake. Sasa ndani ya kanda hii kulikuwa na mtu anayepuliza taratibu, kama anayeongea na mwenzake usiku watoto wamelala. Mjomba alimrudia kila jioni. Kanda aliirudisha nyuma kwa kuizungusha na kalamu ya Bic, asimalize betri.

Mwaka 1992 nilikuwa kidato cha tatu, na katika ukoo wetu hiyo ilitosha kukufanya mkalimani.

"Hebu kaa hapa," akaniambia jioni moja kabla hajaenda lindoni. "Huyu anayeimba anasema nini?"

Mara ya kwanza sikuambulia kitu. Mara ya pili nikalidaka neno la mwanzo, maana lilikuwa likirudiwa na mwangwi, linadondoka na kudondoka kama jiwe kwenye kisima kirefu.

"Anasema 'sisi', mjomba."

"Sisi nani?"

"Sisi tu. Halafu anasema 'na wao'."

"Wao nani?"

"Hajasema."

"Huwa hawasemi," akajibu, akavaa koti.

Jioni ya tatu nilifika kwenye kiitikio. Hapo muziki unapanda ghafla, ngoma na sauti za wanawake zinaingia kwa pamoja, na Kiingereza kinakwenda mbio. Nilikipata kwa vipande: kuna mtu anapiga kelele kwamba watu waende mbele, lakini yeye mwenyewe yuko nyuma, na walio mstari wa kwanza wanakufa. Kuna jenerali ameketi. Kuna ramani, na mistari ya kwenye ramani inasogea huku na huku.

Mjomba akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Niseme hapa kwamba mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kulikalia eneo la Kagera, na Mwalimu akatangaza kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo na uwezo wa kumpiga tunao, mjomba alikuwa kijana wa mgambo. Akachukuliwa. Alikwenda hadi Masaka, sehemu kubwa ya safari kwa miguu. Nyumbani vita ile aliizungumza kama watu wanavyozungumzia mvua za mwaka fulani, kwa sentensi moja au mbili, kisha anaomba chumvi. Nchi ilikuwa imevamiwa. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kuuliza kama ilikuwa haki kupigana, na mimi sina nia ya kuanza leo.

"Ramani," akasema. Akanyamaza kidogo. "Miezi yote ile sikuiona ramani hata moja."

Halafu akaondoka kwenda kulinda mizigo ya wageni.

Wiki chache baadaye redio ikaila kanda. Waliokua na redio kaseti wanajua mkasa wenyewe: sauti inalegea kama ya mlevi, unakimbia kufungua kifuniko, unakuta utepe wa kahawia umejisokota kwenye magurudumu kama utumbo wa samaki. Mjomba alikata kipande kilichoharibika kwa wembe, akaunga kwa selotepu. Kazi safi. Lakini wimbo tangu siku hiyo ulikuwa unafika mwisho wa saksofoni, sauti ya mwimbaji inafungua kinywa kuanza tena, na papo hapo unarukia kwenye kinanda cha wimbo unaofuata. Mimi kwa miaka kumi na miwili niliamini wimbo ule una beti mbili.

Mwaka 2004, katika intaneti kafe moja ya Dar es Salaam, nikisubiri barua pepe ambayo haikuja, nilicharaza yale maneno ya jenerali na ramani kama nilivyoyakumbuka. Jibu likatokea kabla sijamaliza kujikuna. Kundi ni Pink Floyd la Uingereza. Wimbo ni "Us and Them". Albamu ni The Dark Side of the Moon, ya mwaka 1973, mojawapo ya albamu zilizouzwa zaidi duniani, iliyokaa kwenye orodha ya Billboard ya Marekani kwa mamia ya wiki. Yaani kanda ambayo mpishi na meneja waliikataa ilikuwa na kitu ambacho nusu ya dunia inakijua kwa moyo. Nikachapisha maneno yake. Karatasi ikatoka na beti tatu.

Nitafika kwenye huo ubeti wa tatu. Kwanza niueleze wimbo wenyewe, kwa sababu tangu siku ile nimeusoma na kuusikiliza kuliko ilivyo busara kwa mtu mwenye kazi.

Muziki ulitangulia maneno kwa zaidi ya miaka miwili. Mwishoni mwa 1969 Pink Floyd walikuwa Roma, wameitwa na mwongozaji wa filamu Michelangelo Antonioni watengeneze muziki wa filamu yake Zabriskie Point. Ndani ya filamu kulikuwa na picha za polisi wa Marekani wakipambana na wanafunzi. Mtu yeyote angepewa picha kama hizo angeleta ngoma nzito na magitaa yanayolia. Richard Wright, mpiga kinanda wa kundi, mtu mpole asiyejulikana kwa maneno mengi, alikaa kwenye piano akaleta kitu cha taratibu kabisa, cha huzuni, karibu na wimbo wa mazishi. Virungu vinashuka juu ya vichwa vya watu, piano inatembea polepole. Wenyewe walikiita kwa jina linalomaanisha mfululizo wa vurugu. Antonioni akakikataa. Roger Waters, mpiga besi, amesimulia kwamba mzee yule alikiona kizuri lakini cha huzuni mno, kinachomkumbusha kanisa.

Namshukuru Antonioni kwa kukataa, ingawa kwa jambo la kanisa alisikia sawasawa. Wimbo unaanza na kinanda cha Hammond pekee, kile chenye sauti ya kanisa la mjini siku ya Jumatano mchana, watu watatu ndani. Kisha besi inashika noti moja na kuing'ang'ania huku juu yake Wright akibadilisha rangi. Kwenye rangi ya tatu anaingiza mkusanyiko wa noti wenye ladha ya jazi, mchungu kidogo, kama umeuma embe tamu ukakuta ganda. Hausumbui masikio, ila unajua kuna kitu hakiko sawa. Nimewahi kumwomba mpiga kinanda wa kwaya anipigie huo peke yake. Alipiga, akatazama vidole vyake, akasema: huu hauingii kwenye ibada.

Mwaka 1972 walipokuwa wakijenga albamu mpya, kipande kile cha Roma kikafufuliwa, na mwanzoni mwa Juni kikaingia studio za Abbey Road, London, cha kwanza kurekodiwa kati ya vyote. Waters akaandika maneno. David Gilmour akaimba beti kwa sauti ya mtu aliyechoka bila kukasirika, Wright akamuunga mkono kwenye viitikio pamoja na wanawake wanne: Doris Troy, Lesley Duncan, Liza Strike na Barry St. John. Saksofoni ya mjomba ni ya Dick Parry, rafiki wa Gilmour tangu Cambridge. Fundi mitambo alikuwa Alan Parsons, ambaye baadaye naye akawa na jina lake. Wimbo una dakika karibu nane, mrefu kuliko zote kwenye albamu, na kati ya neno na neno kuna nafasi ya mtu kutia sukari kwenye chai na kuikoroga.

Wenzao wa roki ya progresivu, wale wa nyimbo ndefu zenye vipande kama tamthilia, walipotaka kuimba vita waliileta vita yenyewe chumbani. King Crimson mwaka 1969 walifungua albamu yao ya kwanza kwa sauti iliyosagwa na magitaa yanayopiga mayowe. Yes mwaka 1974 walikuwa na wimbo wa karibu dakika ishirini na mbili ambao katikati yake majeshi yanagongana kwa vyuma, na kweli ukiusikiliza kwa sauti kubwa jirani atakuja. Naupenda. Lakini baada ya vita ya namna hiyo unatoka umesisimka, na kusisimka ndiko hasa vita inakokutaka.

Albamu ya Pink Floyd ilitoka Marekani tarehe 1 Machi 1973. Makubaliano ya Paris kuhusu Vietnam yalikuwa yametiwa saini Januari, na wanajeshi wa mwisho wa mapigano wa Marekani waliondoka Vietnam tarehe 29 mwezi ule ule wa Machi. Ungedhani wimbo ulilenga pale. Lakini jenerali wa Waters anatoka mbali zaidi, na kwenye nyumba ya Waters mwenyewe.

Baba yake, Eric Fletcher Waters, alikuwa mtoto wa mchimba makaa ya mawe wa kaskazini mwa Uingereza, akawa mwalimu, Mkristo wa kweli. Vita ya Pili ya Dunia ilipoanza alikataa kushika silaha kwa sababu ya imani yake, akapewa kuendesha gari la wagonjwa London wakati mabomu ya Wajerumani yakianguka. Baadaye akageuka. Aliingia chama cha kikomunisti, akaona kwamba Ufashisti hauwezi kusubiri dhamiri yake ikamilike, akarudi mwenyewe kuomba kupigana. Luteni usu, Royal Fusiliers, kikosi cha nane.

Tarehe 22 Januari 1944 majeshi ya Washirika yalishuka pwani ya Italia, Anzio, kusini mwa Roma, kwa lengo la kuwazunguka Wajerumani waliokuwa wameziba njia. Walishuka karibu bila upinzani. Jenerali John Lucas wa Marekani akaamua kwanza ajiimarishe pale pwani. Wajerumani hawakuhitaji zaidi ya hapo. Katika siku chache walikuwa wamewazunguka kila upande wa nchi kavu, na katikati ya Februari wakapiga kwa nguvu zao zote. Churchill alilalamika kwamba alitaka kurusha paka mwitu ufukweni, akapata nyangumi aliyekwama. Luteni Waters aliuawa tarehe 18 Februari. Mwanawe Roger alikuwa na miezi mitano. Siku chache baadaye Lucas akaondolewa, akawekwa Lucian Truscott. Mstari wa kwenye ramani ulibaki pale pale mpaka mwishoni mwa Mei.

Hapa hadithi inakataa kukaa vizuri, na sitailazimisha. Jenerali wa kwenye wimbo anapiga kelele "mbele!" akiwa nyuma. Wanaomlaumu Lucas wanamlaumu kwa kutosema "mbele" mapema. Wimbo haumtaji mtu, na nadhani Waters hakuwa anaandika historia. Alikuwa mtoto aliyekua na kiti kitupu mezani. Babu yake mzaa baba naye aliuawa Ufaransa mwaka 1916, kwenye vita iliyotangulia. Mwili wa Eric haukupatikana; jina lake limechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Cassino, Italia, pamoja na wengine wasio na kaburi. Februari 2014, miaka sabini kamili baadaye, Waters alikwenda Aprilia, karibu na mahali pale, kuzindua jiwe la kumbukumbu, baada ya mkongwe mmoja wa vita hiyo hiyo, Harry Shindler, kusaidia kupatikana kwa mahali baba alipoangukia. Waters ni mtu wa kugombana na wengi, na mimi mwenyewe kuna mengi aliyoyasema ambayo nisingeyasema. Ila picha za mzee wa miaka sabini amesimama kando ya mtaro shambani nilizitazama muda mrefu.

Sasa maneno. Mwanzoni niliyaona mepesi kiasi cha kuaibisha. Sisi na wao. Mimi na wewe. Juu na chini. Ni Kiingereza cha darasa la tatu, jozi za maneno ambazo mtoto huzikariri. Ubeti wa kwanza unasema sisi wote ni watu wa kawaida tu na hili si jambo ambalo tungelichagua wenyewe. Lakini jaribu kuyatia kwenye Kiswahili uone yanavyogeuka mkononi.

Tunayo tayari "sisi kwa sisi", na tunayo "wenyewe kwa wenyewe". Hilo la pili ndilo tulilolichagua kuelezea aina fulani ya vita, ile inayopiganwa ndani ya nchi moja. Ukilitafakari, lugha yetu kwenye jina lile imekataa katakata kutaja "wao". Waters angelipenda. Halafu lipo neno "mbele". Kwa askari wetu amri ni "mbele tembea", kila aliyepita jeshini au JKT anaisikia mpaka usingizini. Na mtu akifa tunasema ametangulia mbele ya haki. Kwenye Kiingereza jenerali anatoa amri, kisha mstari wa kwanza unakufa, vitu viwili. Kwenye Kiswahili neno moja limebeba vyote, na jenerali hajui amesema nini.

Kwenye kiitikio cha pili kuna mbeba bango anayelia kwamba hivi ni vita vya maneno tu, na kuna mtu mwenye bunduki anayemwambia kijana kwa upole kwamba humu ndani bado kuna nafasi yake. Ndani ya nini, wimbo hausemi. Jeshi? Jeneza? Mimi nilipolisikia nilifikiria kituo cha polisi moja kwa moja, kwa sababu kwetu mtu "aliyewekwa ndani" hakuwekwa sebuleni.

Kuna mahali nilishindwa. Ubeti wa pili unaanza kwa rangi mbili, nyeusi na bluu, ambazo kwa Kiingereza zikiwekwa pamoja ni ngozi iliyovilia damu kwa kipigo, na hapo hapo ni rangi za watu na za sare zao, na anayeimba anauliza nani atajua yupi ni yupi. Waters ameeleza kwamba ubeti ule aliuwazia ubaguzi wa rangi. Kwa Kiswahili nikisema "nyeusi na bluu" unaona bendera au jezi. Nikisema "amevilia damu" rangi zimepotea. Mambo mengine yabaki kwao.

Baada ya hapo piano inatembea peke yake, na juu ya piano kuna sauti ya mwanamume anayeongea. Kwa miaka mingi nilidhani ni redio ya mjomba imeshika stesheni nyingine. Kumbe wakati wa kurekodi Waters aliwahoji watu waliokuwa karibu: mlinzi wa mlango wa studio, wabeba vyombo, hata Paul McCartney na mkewe, ambao majibu yao hayakutumika. Maswali mengine yalikuwa ya rangi na chakula, mengine yanakwenda moja kwa moja: mara ya mwisho ulimpiga mtu lini? Ulikuwa na haki? Anayeongea hapa ni mbeba vyombo aliyeitwa Roger The Hat, na anasimulia kwa furaha jinsi alivyomtia mtu adabu. Anasema hakumpiga sana. Mara moja tu. Ilikuwa tofauti ya mawazo. Na adabu, anauliza, inagharimu nini?

Anacheka cheka. Ndiye mtu pekee kwenye wimbo mzima anayeonekana kuwa na raha. Jenerali yuko kwenye ramani, mbali, ni rahisi kumchukia. Huyu ni jamaa wa kijiweni. Nimewahi kumsikiliza kwenye daladala, nikacheka naye.

Basi nikiwa pale kafe, na karatasi bado ina joto la printa, nikasoma ubeti wa tatu. Hauna vita. Unasema kuna watu wamechoka na maisha, wako chini kabisa, haina jinsi, wako wengi. Halafu jozi ya mwisho: kuwa na kitu, kutokuwa na kitu, na nani atabisha kwamba ugomvi wote ni wa hicho? Kisha kiitikio, ngoma na wanawake wanaingia kwa kishindo, na mtu anapita mtaani akisema pisha njia, leo nina shughuli, nina mambo kichwani. Na mzee anakufa kwa kukosa bei ya chai na kipande cha mkate.

Nilisikiliza kwa makini baadaye, nilipopata CD, kuhakikisha. Tazama wimbo ulivyojengwa. Beti zote ni za chinichini, na humo anazungumza mwimbaji. Viitikio vyote vitatu ni vya sauti ya juu, na ndimo yanamowekwa maneno ya watu wengine: kwanza jenerali, kisha mbeba bango na mtu wa bunduki, mwisho mpita njia. Muziki ni ule ule. Noti zile zile zilizobeba "mbele!" ya jenerali ndizo zinazobeba "pisha njia" ya mtu mwenye mkoba anayewahi kazini. Wanawake wale wale wanapanda nyuma yake. Hakuna alama yoyote ya kuonyesha kwamba huyu ni mdogo kuliko yule.

Mwezi ule simu yangu ilikuwa na namba ya mjomba mara nne kwenye orodha ya simu nisizopokea. Kwa uchache mara moja nilikuwa nimemtumia ujumbe: niko bize mjomba, nitakupigia. Sikuwa nimempigia.

Desemba nikapanda basi kwenda Moshi kama watu wa kwetu wote. Nilikuwa na CD niliyochomewa na rafiki, na ile karatasi. Mjomba bado alikuwa mlinzi pale pale, ila sasa wana lango la chuma na kibanda, na mapokezi kuna redio ya kisasa. Binti wa zamu akaturuhusu tuitumie, wageni walikuwa wameshapanda Mlima.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja na simu yako?" Akacheka, nami nikacheka, mambo yakaisha hapo, au aliamua yaishe.

Nikamwekea wimbo. Alifumba macho mpaka saksofoni ilipoingia, akainua kidole kimoja kumwonyesha binti wa mapokezi: huyo. Nikamwambia jina lake ni Dick Parry. Akalirudia mara mbili, kama anavyorudia majina ya wageni ili wakirudi awaite. Tukafika pale ambapo selotepu ilikuwa. Nikamwona anajiandaa kwa ule mruko, bega lake likasogea kidogo. Wimbo haukuruka. Sauti ikaingia.

"Kumbe kinaendelea," akasema.

Nikamtafsiria polepole, safari hii nimejiandaa. Nilipofika kwenye ile jozi ya mwisho nikakwama, maana nilikuwa nimeandika pembeni mwa karatasi "na, bila", kitu kisicho na maana yoyote. Nikaanza kuzunguka: anasema, mjomba, kuna mtu mwenye kitu, halafu kuna mwingine...

"Walionacho na wasionacho," akanikatiza. "Ungesema tu. Hayo si tulifundishwa."

Kweli. Miaka yote hiyo ya Kiingereza, na neno lenyewe lilikuwa limekaa kwenye hotuba za utoto wangu. Nikamalizia: mtu anapita, ana haraka, na mzee anakufa kwa kukosa chai na slesi moja ya mkate.

Mjomba akatazama nje kwenye lango. Kulikuwa kumeanza kuingia giza, na ile baridi ya Desemba isiyo baridi sana.

"Huyo mzee," akasema, "alikwenda vitani?"

"Wimbo hausemi."

"Rudisha."

Nikarudisha mwanzo wa ubeti. Tukasikiliza sisi watatu, binti naye ameacha daftari lake la wageni. Mjomba alisikiliza kwa namna aliyokuwa akiisikiliza saksofoni, kidole tayari hewani, ingawa pale hakuna saksofoni ya kuonyesha. Ngoma zikaja, mpita njia akasema yake, mzee akafa, kinanda cha wimbo unaofuata kikaingia bila kupumzika kama kilivyokuwa kikiingia kwenye kanda.

"Alikwenda," akasema.

Akachukua rungu lake nyuma ya mlango na tochi, akaenda kufunga lango.